Wakikuita Mtu wa Familia

Kuna siku moja, mwanangu, hainitoki akilini, na leo umenikumbusha mwenyewe. Umesema unataka kwenda kumwona mama yako anayeumwa, lakini madam unayemfanyia kazi anakuita mtu wa familia, basi unaona haya kumwomba ruhusa. Kaa vizuri. Chai ipo, na humu mtaani Ghulail, Jeddah, hakuna anayetufukuza.

Mie nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka Mombasa, nafanya kazi Riyadh kwa watu wenye heshima zao. Sikupigwa wala sikulala njaa, nisije nikawasingizia. Na madam tulizungumza Kiingereza, maana Kiarabu changu kilikuwa cha yalla na halas tu, yaani haya na basi. Kila mgeni akija, madam husema, "Huyu si mfanyakazi, ni mtu wa familia." Basi mie nikilisikia neno lile nalewa, hata mgongo hauniumi.

Ramadhani moja tukaja wote Jeddah, tukafikia mtaa wa Ruwais kwa Bibi Salma, mama mkwe wake madam. Hapo ndipo ilipoletwa habari kutoka kwetu kwamba mama yangu yu hoi kitandani, anauliza naja lini. Nikaomba ruhusa. Wakati ule hutoki nchi hii mpaka kafili wako, yaani mwajiri, aridhie. Madam akanishika bega kwa upole. "Wewe ni mtu wa familia. Utatuachaje na Idi imekaribia? Subiri kidogo." Mtu akikupenda hivyo utamjibu nini? Nikaenda jikoni nikakata vitunguu, nikalia, nikavisingizia vitunguu.

Akaingia Rima, binti yao, aliyekuwa akisomea lugha za Ulaya chuoni. Msichana mpole, ila ukimgusa kwenye habari za maneno hanyamazi. Nikamweleza yaliyonifika. Akaniambia lile neno la mama yake ni la Warumi wa kale, familia. Waitaliano wakalifanya famiglia, Wafaransa famille, Wajerumani Familie, Waingereza family, Wahispania wakaliacha karibu vilevile, na sisi Waswahili tukalidaka. Lakini hapo mwanzo, akasema, halikuwa la baba, mama na watoto. Lilitokana na jina la mtumishi. Familia walikuwa watumishi na watumwa wa nyumba moja, walio chini ya bwana mmoja; mke na watoto waliingia humo baadaye.

Maskini, nadhani alitaka kunipumbaza tu nisahau. Mie kisu nikakiweka chini. "Basi mama yako hakukosea," nikamwambia. Nilikuwa na uchungu, mwanangu, sikufichi. Kumbe Bibi Salma, naye Kiingereza anakijua, alikuwa mlangoni, na yote ameyasikia.

Tulipokwisha kufuturu, akamwita madam mbele yetu sote, akasema naye kwa Kiingereza ili nami nielewe.

"Binti yangu, huyu umesema ni mtu wa familia?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yake anaumwa. Ungekuwa wewe uliyelala, na Rima yuko mbali, ungependa aambiwe asubiri Idi ipite?"

Madam akainama. Akaanza kusema habari za wageni, kwamba ni wengi, nani atawapikia. Bibi hakumwacha amalize.

"Nitapika mimi. Mikono ninayo."

Madam akalia, na mie sikumchukia. Alikuwa amenizoea kiasi cha kusahau kwamba nina kwetu na nina wangu. Mumewe akashughulikia karatasi zangu, na Bibi Salma akanifungia tende na maji ya zamzam ya kumpelekea mgonjwa. Mama nikamkuta hai. Nilimwogesha, nikamlisha uji, nikawa naye mpaka Mungu alipomchukua. Nafasi ile ingenipita, mpaka leo nisingejisamehe.

Sasa nikwambie ninachokutakia. Neno zuri lisikuzibe mdomo. Wala usilichukie kwa sababu ya lilikotoka, maana wako wanaolitamka kwa moyo safi, na hata madam wangu alikuwa mmoja wao. Atakayekuita mtu wa familia, mshukuru kwa adabu, kisha mwombe kile ambacho binti wa kumzaa mwenyewe angemwomba. Usiombe kwa kunung'unika, na usiombe kwa fumbo. Sema, "Mama yangu anaumwa, nataka kwenda." Akikataa, utakuwa umejua amekuita nini. Akikubali, utakuwa umempa nafasi ya kulitimiza neno lake mwenyewe, na huo ni wema umemfanyia.

Maliza chai yako, uende ukamwambie leo hii. Mungu amlainishe moyo, akufungulie njia, ufike kwenu mama yako angali anaitambua sauti yako.