Dari Alilolifagia Hortense

Hortense Cuenot aliitwa majina mengi maishani, mkaidi, bahili, mdomo mchafu, lakini mwongo hakuwahi kuitwa mpaka alipouza nyumba ya baba yake kwa mume na mke kutoka Lyon. Majira ya baridi yalipoingia wakamshtaki. Walidai nyumba ina kasoro iliyofichika: baridi inashuka kutoka darini utadhani juu hakuna kitu, na bibi aliyezaliwa humo lazima alijua akanyamaza.

Kurudishiwa nyumba angevumilia. Kilichomkosesha usingizi ni jina. Baba yake alikuwa akiuza ng'ombe huko milima ya Doubs, mashariki mwa Ufaransa, zama ambazo wanaume walipeana mkono mnadani na mambo yakaisha. Ng'ombe mwenye kikohozi, kikohozi kilitajwa kabla ya bei. Aliyeficha hakupata mnunuzi tena, na binti zake walikaa bila kuposwa. Siku hizi watu wanatia saini kila ukurasa, na wakifika wa mwisho bado hawaaminiani.

Siku ya ukaguzi theluji ilifika madirishani. Mahakama ilimtuma Bwana Pourchet, fundi mkuu wa majengo, mtu mnene asiye na haraka. Florian, yule mnunuzi, alimpokea jikoni amevaa koti na kofia. Mkewe Maëlle alikaa kando ya jiko, blanketi juu ya tumbo lake la mimba.

"Karibu barafuni," Florian alisema. "Vua viatu ukitaka vidole vikatike."

Pourchet akamgeukia Hortense, aliyeitwa naye, ameegemea ukuta. "Bibi, ulikuwa unalala chumba gani?"

"Hicho hapo, tangu utotoni."

"Na baridi?"

"Sijawahi kuona baridi ndani ya nyumba hii."

Florian akapiga paja. "Mmesikia? Anatudanganya mchana kweupe!"

"Chunga ulimi, kijana," Hortense alisema. "Nimekuuzia nyumba, sikukuuzia heshima yangu."

Lakini mwenyewe alikuwa anatetemeka. Ukuta aliouegemea tangu utotoni ulikuwa wa baridi kama jiwe la kaburi, na hakuelewa kwa nini. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama kweli hakuwa amedanganya.

Pourchet akapanda ngazi. Wakamsikia akitembea juu ya mbao. Aliposhuka alikuwa na mabua machache ya nyasi kavu kiganjani.

"Haya yamebana kwenye nyufa za boriti, mpaka juu karibu na paa. Kulikuwa na nini kule, bibi?"

"Nyasi za ng'ombe, kitu gani kingine? Dari zima, kila mwaka."

"Na nyuma ya ukuta huu?"

"Zizi. Ng'ombe kumi na wawili, nao niliwauza kabla ya nyumba."

"Nyasi zikaenda wapi?"

Hortense akamtazama kama anavyotazamwa mpumbavu. "Nilizitoa. Nilifagia siku nne nzima, kwa magoti yangu haya mabovu. Ungetaka niwakabidhi watu nyumba na takataka juu ya vichwa vyao? Sisi tulifundwa."

Pourchet akaanza kucheka taratibu, tumbo likimtikisika. "Bibi Cuenot, blanketi la nyumba hii ulilitupa kwa ufagio. Na ng'ombe ndio walikuwa jiko lake."

Hortense akakaa. Miaka yote ile, mama yake akilalamikia vumbi la nyasi na harufu ya zizi, kumbe ndivyo vilivyowalea!

"Hakimu ndiye atakayeamua," Pourchet aliendelea, akimgeukia Florian. "Mimi nitaandika nilichokiona. Bibi hakujua, maana hajawahi kuishi humu bila nyasi. Na mbao ziko wazi kabisa. Bwana, ulipokuja kununua ulipanda juu?"

Florian akavua kofia. "Nilipanda."

"Uliona nini?"

"Mbao. Nilisema, safi sana."

"Basi kimefichika nini hapo? Kilichoonekana kwa macho hakiitwi kilichofichwa."

Maëlle ndiye aliyecheka kwanza. "Nakumbuka ulivyosifu, Florian! Ulisema unaweza kula chakula sakafuni kule." Akamshika Hortense mkono. "Tunaifuta kesi, bibi. Tutaweka darini kinga ya kisasa ya kuzuia baridi kabla mtoto hajazaliwa. Na usituone wabaya, tulikuwa tumeganda."

"Mnunue na ng'ombe," Hortense alisema. "Kinga yenu ya kisasa haitoi maziwa."

Maëlle akamimina kahawa, na Hortense akatoa mkobani chupa ndogo ya pombe ya mizizi ya milimani, akatia tone katika kila kikombe isipokuwa cha mwenye mimba. Florian alipotaka kuomba radhi, bibi alimkatiza kwa kumnyooshea mkono. Wakashikana, kama mnadani.

Jioni ile, katika chumba alichohamia mjini, joto la mabomba ya maji moto lilimkaba kama kawaida. Akafungua dirisha, akalala usingizi mzito, jina lake likiwa mahali pake.