Mbegu Aliyopewa Ba

Namalwa alikuja Kitengela kutoka Kimilili akitafuta kazi ya kufua nguo, akajikuta anamtunza bibi mzee wa Kihindi. Jayaben ndilo lilikuwa jina la bibi huyo, lakini mwanawe Nilesh alimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, na Namalwa naye akazoea hivyo. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara ya malori ya mawe. Kila asubuhi Namalwa alimwogesha, akampaka mafuta ya nywele, akamkalisha barazani kabla vumbi halijaanza.

Hapo Ba alifumba macho na kuabudu. Siku moja alimweleza Namalwa anachofanya. Alipokuwa msichana kule Jamnagar, India, mwalimu wake wa dini alimnong'onezea sikioni sauti moja fupi.

"Si neno," Ba alisema. "Haiko na maana ya kukuambia. Ni mbegu. Mungu Mama yuko ndani yake, mzima. Unapewa yako, unairudia moyoni mpaka kufa, na huambii mtu. Hata mzee wangu hakuijua."

Namalwa alilelewa katika kanisa la Friends. Alisikiliza kwa heshima, akaendelea kuchana nywele.

Kisha masikio ya Ba yakapungua nguvu, na yeye mwenyewe hakujua tena kama amenyamaza au anasema. Alichodhani anakirudia moyoni kikaanza kumtoka midomoni. Namalwa, aliyesimama nyuma yake, akakisikia: sauti ile ile, asubuhi baada ya asubuhi, ikiishia na mvumo wa puani. Hakumwambia. Aliona ingekuwa kama kumvua mama wa watu nguo hadharani.

Baada ya Krismasi Ba alipata kiharusi. Mkono uliopooza ulipata nguvu, maneno yakarudi, hata majina ya wajukuu walioko ng'ambo yakarudi. Mbegu yake haikurudi.

Akawa anakaa barazani akizijaribu zile wanazozijua waumini wenzake wengi. "Hrim," alisema, akangoja. "Shrim." Akatikisa kichwa. "Klim." Chai ikapoa mbele yake. Nilesh alimleta kuhani kutoka Nairobi, mtu mpole, akajitolea kumpa nyingine. Ba alikataa.

"Hiyo ni mpya," alisema. "Mimi nataka yangu. Nimezeeka nayo."

Namalwa aliyasikia hayo akiwa jikoni. Kuisikia halikuwa kosa lake, lakini kuitamka kwa kinywa chake? Aliomba siku kadhaa. Kisha asubuhi moja akamkuta Ba ameelekea ukutani, machozi yanamtiririka, midomo inachezacheza bila kupata kitu cha kusema. Akaona hawezi tena kunyamaza.

Shida ilikuwa kwamba Ba hangesikia mnong'ono, na kupaza sauti kungewapa siri hiyo Nilesh na mlinzi wa getini pia. Akangoja Nilesh aende dukani kwake. Akapiga magoti mbele ya Ba, akauchukua mkono wake, akauweka kooni mwake mwenyewe. Akaitamka polepole, kwa sauti ya chini, akauacha ule mvumo wa mwisho utetemeke chini ya vidole vya mzee.

Ba alifumba macho. Halafu midomo yake ikaifuata, mara ya kwanza kwa wasiwasi, mara ya pili bila wasiwasi wowote. Alipofungua macho alimtazama Namalwa kwa muda mrefu.

"Umeijua tangu lini?"

Namalwa aligusa sikio lake mwenyewe, kisha midomo ya Ba. Ba akaelewa, akacheka kidogo, akampangusa jasho usoni.

"Basi na wewe uko nayo. Usimpe mtu."

Haikukaa. Baada ya siku chache Ba aliipoteza tena, na Namalwa akapiga magoti tena. Wakaendelea hivyo mpaka mvua za masika za mwaka huo. Mvua ilipokuwa bado inanyesha, Ba alifariki usingizini.

Kabla ya kwenda kuuchoma mwili wa mama yake kwa desturi ya Kihindu, Nilesh alimfuata Namalwa jikoni. Alikuwa ameona mengi kuliko walivyodhani.

"Namalwa, ulikuwa unamwambia. Niambie na mimi. Nataka kumsomea leo, mara moja tu."

"Alinikataza," Namalwa alisema. "Ningeweza kukupa chochote, Nilesh. Hiyo siwezi."

Nilesh alisimama akiwa ameshika mlango. Mwishowe akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Siku hizi Namalwa yuko Kajiado, anamtunza mama wa mfugaji mmoja aitwaye Simel. Mama huyo anaongea kutwa nzima, Kimaasai na Kiswahili, na Namalwa anampenda. Hata hivyo asubuhi ni ndefu bila Ba. Nilesh humpigia simu Jumapili baada ya kanisa. Hajauliza tena. Huongea habari za duka na za mvua, na zikiisha, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata simu.