Tuta Lililobaki

Juzi mjukuu wangu alikuwa ananisomea kwenye simu, hapa Sumbawanga, mambo yaliyotokea duniani Novemba 1918. "Bibi, sikia hii! Mfalme wa Wajerumani kakimbia kiti chake." Eti kengele zikalia Ulaya nzima, vita imekwisha. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mwezi huo naujua, rafiki yangu. Niliuvunja kwa jembe.

Nilikuwa na miaka minane hivi, vita hiyo imekwisha zamani, nalima na bibi yangu kule Mpui. Zamani Ufipa tulifukia majani kwenye matuta ya mviringo, yakaoza humo. Mvua za kwanza zikinyesha tunayavunja, tunasia ulezi. Udongo mweusi, unanukia, we acha tu. Na togwa ya ulezi ule! Haya, nisipotee. Kila mwaka bibi aliacha tuta moja, lile lile, analirudishia udongo tu. Siku hiyo mimi, kwa kujionyesha nina nguvu, nikalivunja.

Bibi akakaa chini. Hakunipiga. Bora angenipiga.

"Hilo alilifukia baba yangu," akasema.

Baba yake alichukuliwa kwenye vita hiyo kubeba mizigo ya askari. Akaaga: "Matuta yangu nitakuja kuyavunja mwenyewe." Mvua zikaanza, mama yake bibi akakataa kuyagusa, na ghalani ulezi umebaki wa kukung'uta. Majirani wakamcheka: "Mwenzetu, mwaka huu mtakula makaburi?" Anawajibu, "Mwenye matuta yuko njiani."

Akaja mpagazi aliyebeba mizigo pamoja na mumewe, mifupa mitupu. Hata kukaa hakukaa. "Shemeji, chukua jembe," basi. Mumewe alianguka na mzigo wake njiani, siku nne kabla ya wapagazi kuambiwa watue, kule Mbala mpakani. Mama yule alivunja matuta yote siku hiyo hiyo, analia, watoto wanasia nyuma yake. Akabakiza moja.

Basi juzi nikamwambia mjukuu, "Rudia hapo. Vita iliisha lini?"

"Tarehe kumi na moja, bibi. Ila habari ilichelewa huku. Pale Mbala Wajerumani waliweka silaha chini tarehe ishirini na tano."

Nikahesabu vidole, nikatoa siku nne. Nikahesabu tena. Tarehe ishirini na moja. Dunia nzima inapiga kengele, yeye bado ana mzigo kichwani! Bibi yangu alikufa hajui hilo, na sijui kama ningekuwa na ubavu wa kumwambia.

Mpui siku hizi ni trekta na mbolea ya mfuko, mahindi yamenyooka mistari. Matuta ya mviringo ukiwatajia watoto, wanakutazama tu. Lile moja lingekuwepo mpaka leo, nani ajuaye, kama si jembe langu.

Siku ile bibi aliinuka, akajikung'uta, akanijazia ulezi kiganjani.

"Sia," akasema. "Alisema litavunjwa."

Nikasia.