Chura Aliyevaa Koti la Baba Mkwe

Usiniambie ilikuwa ndoto, maana sikuwa nimelala. Ilikuwa mchana, nina ndoo kichwani, ukungu umeshuka huku Kisondela, pale shamba langu la migomba linapopakana na msitu na kijito.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Mitumba imejaa soko la Tukuyu, wanunuzi wa mbao wanazunguka vijijini. Mume wangu alikuwa amefariki, na shemeji yangu, mdogo wake, alitaka nihame auze msitu pamoja na shamba langu. Nikakataa. Wanangu wangekula nini?

Kwenye kijito kile kuna vyura wa kijani ambao hawatoki msituni, vidole vyao vina ncha za mviringo. Siku hiyo mmoja alikaa kwenye jiwe ninalochotea maji, ananikodolea macho. Mara nikasikia kikohozi. Amini usiamini, kilikuwa cha baba mkwe, marehemu. Sisi Wanyakyusa, mkwe akikohoa, mkamwana anaacha njia na kujificha. Mazoea yana taabu: nikatua ndoo, nikajitupa majanini, kanga usoni, namkimbia maiti!

Nilipochungulia, chura hayupo. Juu ya jiwe amesimama baba mkwe, na koti lile lile tulilomzika nalo. Akaja moja kwa moja hadi nilipojificha.

"Mkamwana, ondoka kwenye shamba hili," akasema. "Mwachie mwanangu aliye hai."

Niliogopa, sikufichi. Lakini hasira ikauzidi woga. Baba mkwe wangu, miaka yote ile, hakuwahi kunisemesha wala kunisogelea. Alikuwa na adabu zake. Sasa huyu ni nani? Nikafunua kanga, nikamtazama machoni, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkwe. Koo lake lilikuwa likituna na kunywea, na vidole vyake vina ncha za mviringo.

"Wewe si mkwe wangu," nikamwambia. "Kamwambie aliyekutuma, sihami."

Nikamzaba kofi. Koti likaanguka majini, tupu, na chura akarukia majani.

Kesho yake nikamkuta shemeji amekaa kwake, shavu limevimba. Sikumpa pole. Habari ya kuuza haikutajwa tena.

Mkono huu wa kulia, ushike uone, umepoa mpaka leo. Hata nikishika sufuria ya moto, hausikii. Naishi nao hivyo hivyo. Na wewe mjane unayenisikiliza, akija mtu kukuhamisha kwa sauti ya marehemu, usikimbie kabla hujamtazama usoni. Mimi nimepoteza joto la mkono mmoja. Shamba ninalo.