Mwalimu Asiyegusa Kipanya

Mwalimu ameikalia mikono yake. Kiti cha plastiki kinamchora mistari viganjani, lakini haitoi. Mbele yake, katika chumba chenye kompyuta chache na feni inayolalamika, fundi cherehani na seremala wanabishana kuhusu kitufe.

"Bonyeza, mama."

"Nikibonyeza ikalipuka?"

"Kompyuta hailipuki, mama yangu. Ingekuwa inalipuka tungepewa kofia ngumu mlangoni."

Mwalimu anacheka kimoyomoyo. Wanafunzi wake wamembandika jina: Siguse, kwa kuwa hashiki kipanya cha mwanafunzi.

Programu wanayojifunza ni ya kupanga umeme. Unaiambia una vifaa gani na unavitumia wakati gani, nayo inakokotoa paneli na betri za kukutosha. Ni programu huria: haiuzwi, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Lakini wahandisi ndio walioitengeneza, na ukiifungua inazungumza na wahandisi.

Siguse mwenyewe yalimkuta hayo. Alikuwa mchapaji wa barua katika chumba hikihiki alipohudhuria mafunzo yake ya kwanza.

"Mkufunzi alikuwa mtu mwema," anasema. "Kila nikikwama ananiambia 'sogea kidogo', anachukua kipanya, ta-ta-ta, tayari. Jioni nikapewa cheti. Nilipofika nyumbani sikujua hata pa kuanzia."

Asubuhi bado huchapa barua za wateja, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha. Mchana, kwa mwaka wa pili sasa, anaandika ukurasa wa wanaoanza: maneno ya kawaida, swali moja moja. Kwa hilo halipwi na mtu. Kaka yake humtania kwamba ameolewa na kompyuta, tena kompyuta yenyewe haikutoa mahari.

Leo ni mtihani. Wanaosimamia programu, watu wa kujitolea waliotapakaa nchi mbalimbali, watauingiza ukurasa wake kwenye programu kwa sharti moja: watu wawili wasiowahi kuutumia wamalize mpango halisi kwa kuusoma tu, bila msaada wa mkono wala mdomo wa mwalimu.

Fundi cherehani na seremala wana karakana moja, na jenereta moja inayokula mafuta kama haina akili. Wanataka kuhamia sola. Wanajibu swali hadi swali, kisha seremala anabonyeza kitufe cha mwisho. Jibu linatokea, pamoja na mchoro wa matumizi ya siku: betri za kujaza stoo nzima.

"Hizi tutazilaza wapi?" anauliza fundi cherehani.

"Kwako, mama. Kwangu watoto wamejaa." Seremala anaanza kufunga begi lake. "Ndiyo basi. Tutabaki na jenereta yetu."

Siguse ameshaliona kosa. Limekaa pale kwenye mchoro, peupe kabisa. Neno moja lingetosha, na neno hilohilo lingeufuta mtihani. Anauma mdomo.

Fundi cherehani ameinamia skrini. "Hii sehemu nyeusi ni nini?"

"Imeandikwa usiku."

"Na huu mlima uliomo humo?"

"Cherehani zako, mama."

"Zangu? Zinashona usiku wa manane? Nani anazikalia, mashetani?" Anamgeukia mwenzake. "Hebu, uliandika ngapi hapo?"

"Tatu. Si tunafungua saa tatu asubuhi?"

Seremala anatoa simu mfukoni, anaitazama, anaitazama tena. Ni saa tano asubuhi. Kioo cha simu kinasema kumi na moja.

"Mama! Hii kitu inahesabu kama simu. Inaanzia saa sita usiku!"

Ndivyo ilivyokuwa. Cherehani za saa tatu asubuhi programu ilizipeleka saa tisa usiku, kisha ikatafuta betri za kuzilisha gizani. Wanarudi nyuma. Tatu ya kufungua inakuwa tisa, kumi ya kufunga inakuwa kumi na sita. Mlima unahamia kwenye mwanga, na betri zinapungua hadi zinaenea kwenye kona ya karakana.

Seremala anapiga meza. "Tumefaulu, mwalimu!"

"Ninyi mmefaulu," anasema Siguse, akikunjua vidole vilivyokufa ganzi. "Mimi nimeanguka."

Kwa sauti ileile anaeleza kwamba atawaandikia wasimamizi kuwa ukurasa haujafaa. Uliuliza saa bila kusema saa ya nani. Maana yake atasubiri awamu nyingine, nusu mwaka.

"Lakini tumemaliza wenyewe!" Seremala amekasirika kweli. "Nani atajua?"

"Mlikuwa wawili, mkabishana. Mwingine atakuwa peke yake. Ataamini betri za kujaza stoo, atafunga begi aende zake."

Tayari ana mpango. Namba zitaondoka, mtu atachagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na pembeni ataona jua au mwezi. Siku ya mtihani ujao anataka kukaa nje, mlango umefungwa.

"Nikiitwa, nitajua bado haujafaa," anasema. "Nisipoitwa, nitakunywa chai yangu."

Fundi cherehani, mkoba begani, anaomba aitwe tena siku hiyo.

"Haitafaa, mama. Wewe sasa unajua."

"Basi nitakuletea dada yangu. Yule simu ikilia anaifunika kwa mto."

Siguse anavuta kiti karibu na kompyuta, anashika kipanya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mlete," anasema. "Huyo ndiye ninayemtaka."