Mtaalamu wa Wazee na Mama Yake

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Lodwar imekuwa kuwazungumzia wazee. Sisemi kuwatunza, nasema kuwazungumzia. Ofisi yetu inahusika na ustawi wa jamii, na kazi zilipogawanywa mimi nikaangukiwa na wazee, nadhani kwa sababu nilipata upara mapema. Nimesimama kwenye kumbi za hoteli, chupa ya maji mbele yangu, nikieleza huduma ya muda mrefu ni nini, nani aitoe na nani aigharimie. Nilikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote: "Jamii ndiyo mfuko wa kwanza." Watu waliiandika. Mimi nilidhani jamii ni watu wengine.

Kisha mama akaanguka.

Alikuwa Kakuma, anakoishi na dada yangu mwenye kihoteli cha chai na mandazi kando ya barabara kuu. Aliteleza kwenye maji ya kuoshea sufuria, akavunjika nyonga. Akaletwa hospitali Lodwar, akapasuliwa. Bima ililipa sehemu kubwa, ndugu tukachangia iliyobaki, nami nikaanza kujipongeza kwamba mipango ya serikali inafanya kazi. Siku ya kuruhusiwa, daktari akanieleza kwamba mama asiinuke peke yake, asaidiwe kugeuka kitandani, na afanyishwe mazoezi ya mguu asubuhi na jioni, kwa miezi.

"Nyumbani kuna mtu?" akauliza.

"Yupo," nikajibu kwa fahari, halafu nikageuka nyuma kumtafuta.

Mke wangu ni mwalimu Katilu, huja nyumbani Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Watoto wetu wako shule za bweni. Bima nayo, nilipouliza, nikaambiwa kwa upole kwamba inamlipia mgonjwa kupasuliwa, hailipi mtu wa kumwinua kitandani. Nikampigia mke wangu simu kulalamika.

"Wewe si ndiye mtaalamu wa wazee?" akasema. "Basi karibu darasani."

Asubuhi ya kwanza nilikwenda chumbani kwa mama nikiwa na imani kubwa. Katika semina niliwahi kuonyesha jinsi ya kumwinua mzee: kunja magoti, nyoosha mgongo, mkumbatie, pandeni pamoja. Nilionyesha kwa kijana mmoja mwenye afya njema aliyejitolea. Mama yangu ni mrefu kuliko mimi, na hakuwa amejitolea. Nikakunja magoti, nikamkumbatia, yeye akanishika shingo, na tulipofika katikati ya safari mgongo wangu ukalia kama kuni iliyovunjwa. Nikabaki nimeinama juu yake, sipandi wala sishuki.

"Umekufa?" mama akaniuliza kwa Kiturkana.

"Mgongo, mama."

"Sasa nani atamwinua nani?"

Ikabidi nipige kelele. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Meru anayeuza mabati na misumari, akaingia, akatukuta kama watu wanaopigana mieleka. Akasali kwanza, kwa sauti, kwa jina la Yesu, ndipo akanivuta kiunoni. Mama alicheka mpaka akashika nyonga yake kwa maumivu, na bado akaendelea kucheka. Siku hiyo nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikimeza dawa zake za maumivu. Jirani alituletea uji wote wawili.

Tukamwajiri msichana wa kumsaidia. Alikaa muda mfupi, akasema mama anamtuma kama askari, akaondoka. Tukaajiri wa pili, naye akapata kazi dukani. Nikapiga simu kwenye makao ya wazee huko kusini, mbali kabisa, nikauliza ada. Yule mama wa mapokezi aliponitajia, nilimshukuru kwa adabu nyingi kama mtu aliyenusurika ajali. Hapa kwetu makao kama hayo hayapo. Nalijua hilo vizuri kwa sababu ni mimi niliyeandika pendekezo la kuyajenga, na pendekezo bado linasubiri awamu ya pili.

Mama naye akakumbuka haki zake.

"Ile pesa ya wazee ya serikali iko wapi?"

Hilo ni swali ambalo wazee wameniuliza katika kila mkutano, na jibu langu limekaa mdomoni kama meno. "Iko njiani, mama."

"Njia gani?"

"Inatoka Nairobi."

"Basi imekwama kwenye mchanga. Mwambie mtu wa ofisi aende aisukume."

Nikamwambia mtu wa ofisi ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini, akajivutia shuka hadi kidevuni. Afadhali angetukana.

Hatimaye akasema anataka kurudi Kakuma. "Nyumba yako haina watu," akasema. "Ina tivii." Nilijifanya nimehuzunika. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga safari.

Sikutaka kumrudisha mikono mitupu, kwa hiyo nikanunua kiti cha magurudumu. Kilikuwa kizuri, kinang'aa, kina breki. Nikakipiga picha nikaiweka kwenye kundi letu la simu la kazini, nikapongezwa sana. Tulipofika kwa dada nikamkalisha mama, nikashika mishikio, nikasukuma kwa madaha mbele ya majirani. Magurudumu ya mbele yakazama kwenye mchanga, kiti kikainama, mama akaanza kuteremka taratibu kama gunia. Wateja wa chai wakatoka mbio, wanaume wanne wakakiinua kiti pamoja naye, wakambeba hadi mlangoni.

Mama akainua mkono kusalimu. "Ejok! Ejok!" Alipendezwa mno. Jumapili akataka abebwe vivyo hivyo kwenda kanisani. Mimi sikuombwa kubeba, mgongo wangu ulikuwa umeshajulikana hadi Kakuma.

Jioni ya siku tuliyofika tulikaa ndugu watatu. Kaka yetu, mchuuzi wa samaki, alikuwa amekuja kutoka Kalokol. Nikawasomea mpango: tuwauze mbuzi wa mama, tuweke fedha benki, tuajiri mhudumu mwenye cheti. Kaka akasema yeye atatoa samaki. Dada alikuwa anakanda unga wa kesho, hakusimamisha mikono.

"Miaka yote nimekaa na mama," akasema. "Nimempikia, nimemfulia, nimemwosha. Mlikuwa mnasema anaishi kwangu. Sasa anakuja mtu wa kulipwa, mnaita huduma."

Nilitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimepanga kila kitu, hata nauli yangu ya kuja kukagua, na jina la dada sikuliandika popote.

Mama, tuliyemdhani amelala, akasema kutoka ndani: "Mbuzi wangu hamuuzi. Mkinimalizia mbuzi, mtakuwa mnamtunza nani? Mtakuwa mnamtunza maskini." Kisha akatoa hukumu. Mtu atafutwe, alipwe kwa mbuzi wanaozaliwa, na sisi wana tutume fedha za kila mwezi. "Na huyu anayekanda pia apewe," akasema. "Kwanza yeye."

Mtu akapatikana Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi, mama mmoja Mkongo ambaye aliwahi kuhudumia wagonjwa kwao. Alikuja na pikipiki, akamsalimu mama "Koko," yaani bibi, akaukunja mguu wake na kuunyoosha, halafu akageuka kwangu kujadili malipo.

"Mbuzi peke yake, hapana," akasema. "Mbuzi haiendi dukani. Mbuzi na franga, pesa. Na siku ya Mungu mi sitakuja."

Mimi nikaingiza taaluma. Nikaeleza habari za mkataba, likizo, na makato. Nikauliza, akikosa kazi siku kadhaa, tutakata sehemu gani ya mbuzi? Walinitazama wote, hata mama. Kaka akatoka nje kucheka.

Sitaki kusema kwamba mambo yalinyooka. Kiangazi kiliwakondesha mbuzi, na wawili waliozaliwa wakafa kabla ya kukabidhiwa. Kuna mwezi kaka hakutuma kitu, na yule Mkongo akaja kazini kama kawaida, akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono, akamwambia mama, "Koko, leo tuko wawili tunangoja." Wakangoja pamoja, mama akiwa upande wa mgomo, mpaka simu ilipolia kwamba pesa imeingia. Dada hupata fungu lake, si kubwa, na amenunua jiko jipya. Mama sasa hutembea na mkongojo kutoka kitandani hadi kihotelini, hukaa karibu na chupa za chai na kuwafokea wanaokopa. Kiti cha magurudumu hubeba madumu ya maji, kwenye sehemu ngumu za njia.

Ofisini niliibadilisha hotuba yangu. Nikaeleza habari za mama kama mfano: familia inachangia, mifugo inachangia, serikali inachangia ikifika. Nilikuwa naendelea vizuri mpaka mzee mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono.

"Na yule ambaye mbuzi wake walikufa wote," akauliza, "na watoto hawako, yeye ni nani atamwinua?"

Nikasema ni swali zuri, tutalijadili baada ya chai. Chai ikaja, mayai ya kuchemsha yakaja, mgeni wa heshima akafunga mkutano. Hatukulijadili. Mzee alipita mbele yangu akinipa mkono, wala hakuonekana kushangaa. Swali lake nimeliweka kwenye pendekezo jipya, ambalo nalo linasubiri.

Kwa kuwa Mkongo hupumzika Jumapili, na dada huwa kwenye kwaya, Jumapili moja moja mimi hupanda gari kwenda Kakuma kushika zamu. Kazi yangu ni mazoezi ya mguu. Mama hulala chali kwenye ngozi ya mbuzi kivulini nyuma ya nyumba, nami hukaa chini kando yake.

"Polepole," huniambia. "Huo si mlango."

"Hivi?"

"Mikono yako ni ya ofisi. Baridi. Endelea."

Jumapili iliyopita aliendelea kunikosoa, kisha akawa anakosoa kwa maneno machache, kisha akasinzia. Mguu wake ulikuwa umelala juu ya paja langu. Nikaogopa kuusogeza nisije nikamwamsha, nikakaa hivyo hivyo nikiwafukuza nzi kwa kofia, mpaka mguu wangu mwenyewe ukafa ganzi.