Shingo ya Mwali

Siku yangu ya kwanza hospitali, Matroni alinitazama toka utosini hadi vidoleni, akanisukumia ndoo. "Skuli hukukaa sana, lakini mikono unayo. Sakafu hii nataka nijione uso." Nikasugua, akajiona. Ah, wodi ile! Shuka nyeupe pee, harufu ya dawa asubuhi, na viatu vya Matroni: ko, ko, ko, kila mtu wima.

Kutoka kwenye ndoo nikapandishwa wodi ya wanawake, kuogesha wagonjwa na kukusanya mikojo ya vipimo. Huko ndiko nlikomkuta Zuwena wa Bwejuu. Ghafla moyo humwenda mbio, jasho likamrowesha, kichwa kikataka kupasuka. Kwao walishampungia pepo mpaka wakachoka. Daktari Bingwa akaupima mkojo wake wa kutwa kucha, akasema ni uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo. Tezi hizo hutoa homoni, vitu vinavyopita kwenye damu kuuamrisha mwili. Yake ikiamrisha ovyo. Na kwenye tezi ya shingoni mna uvimbe mwengine.

"Maradhi haya ya kurithi," akasema. "Nileteeni nduguye. Akishika mimba nayo, huenda tukampoteza."

Nduguye mmoja tu, Rukia, naye yumo ndani, mwali, anangoja harusi. Nlipompelekea neno hilo mama yao, Bi Mwanaisha, akanijia juu.

"Mwali hatoki! Neno hilo likifika kwa wakwe, nani atamwoa? Wewe?"

"Kaburi litamwoa, Bi Mwanaisha. Wala halitoi mahari."

Akanipa mgongo.

Nikamwendea somo wa Rukia, anayemfunda na kumsinga, kumsugua mwili kwa manukato ya singo. Kwetu mama hapingi neno la somo.

"Siri za mwali sizitoi," akasema.

"Usizitoe. Ukimsinga, mpapase shingo tu."

Kesho yake akaja wodini, mikono bado yanukia singo. "Kipo. Kigumu kama mbegu ya ukwaju. Harusi nshaisimamisha."

Rukia akapasuliwa, akapona, akaolewa. Zuwena, naye keshapasuliwa, alicheza harusi ile mpaka akakatazwa.

Sasa nimestaafu, nipo Kiembe Samaki na wajukuu. Siku hizi damu kidogo tu, wanajua nani karithi na nani kasalimika. Raha yao! Lakini mie ile wodi yangu nna hamu nayo.

Majuzi nlikwenda kliniki na presha yangu, nikamkuta Bi Mwanaisha kwenye benchi, kampakata kitindamimba wa Rukia. Miaka yote ile hajanisemesha.

"Mnaumwa?" nikamuuliza.

"Hatuumwi. Nimemleta kupimwa tezi."

Akasogea, nikakaa.